"Taarifa imepokelewa" haitoshi kwa afya na wazee

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuseme neno kuhusu kabrasha la robo mwaka, yaani taarifa za halmashauri ambazo madiwani huletewa kikaoni kila robo.

Ukipitia mihtasari ya mabaraza ya madiwani, agenda ya afya na ustawi wa jamii mara nyingi huishia kwa maneno mawili: taarifa imepokelewa. Mganga Mkuu wa Wilaya amesoma kurasa zake, mwenyekiti amemshukuru, diwani mmoja ameulizia gari la wagonjwa la kata yake, basi. Kikao kinahamia kwenye barabara, na huko ndiko muda unakokwenda. Hatuwalaumu madiwani peke yao. Barabara mbovu diwani anaiona akiwa njiani kuja kikaoni. Mzee aliyeondoka dirishani bila dawa haonekani popote katika kabrasha alilopewa. Lakini anaweza kuonekana, tena kwa takwimu ambazo halmashauri tayari inazo, iwapo Kamati ya Elimu, Afya na Maji itabadili kile inachoomba kuletewa.

Tuchukue dawa, maana ndizo wananchi huuliza kwanza. Taarifa itasema upatikanaji wa dawa katika halmashauri ni asilimia 92 au 95. Namba ya aina hiyo hutokana na dawa viashiria, yaani orodha fupi ya dawa zinazochukuliwa kuwa kipimo cha nyingine zote, na mara nyingi swali linaloulizwa ni moja tu: je, dawa hii ilikuwepo wakati taarifa inaandaliwa? Sasa fikiria zahanati yenye dawa viashiria 10 katika robo ya siku 90. Dawa moja imekosekana siku 60, nyingine siku 45, na zote mbili zimeshushwa kutoka Bohari ya Dawa (MSD) siku tatu kabla ya robo kwisha. Siku ya taarifa, zahanati hiyo ina asilimia 100. Ukihesabu kwa siku, dawa 10 mara siku 90 ni 900. Siku zilizopotea ni 105. Upatikanaji halisi ni kama asilimia 88. Na hata hiyo 88 bado ina kificho chake. Kama iliyokosekana siku 60 ni dawa ya shinikizo la damu, mgonjwa anayepaswa kumeza kidonge kila siku amekaa miezi miwili bila kinga, na kiharusi hakisubiri robo ijayo.

Siku hizo za kukosekana zimeandikwa. Ziko kwenye bin kadi inayoning'inia kwenye rafu ya stoo, kila dawa na yake: tarehe iliyoingia, iliyotoka, salio. Salio likisoma sifuri tarehe 4 na mzigo ukaingia tarehe 29 ya mwezi unaofuata, mtu yeyote anayejua kutoa anaweza kupata siku. Kamati haihitaji bin kadi za dawa zote. Ichague tano, ziwemo walau mbili za maradhi ya kudumu, na iombe siku za kukosekana kwa kila kituo, kituo kwa kituo. Wastani wa halmashauri uachwe kwenye ukurasa wa mwisho kwa wanaoupenda.

Hapo ndipo litazuka swali la kwa nini dawa ileile hukatika kila robo, na jibu la haraka litakuwa "MSD hawana". Wakati mwingine ni kweli. Lakini kuna kosa jingine linalofanyika kituoni kwenyewe, na halionekani mpaka uangalie fomu ya ripoti na maombi. Mtunza stoo anajaza matumizi ya kipindi kilichopita, na oda inayofuata inajengwa juu ya matumizi hayo. Zahanati imetoa vidonge 600 vya dawa ya presha katika robo; anaandika 600. Ila vidonge hivyo vilikuwepo siku 30 tu, siku 60 zilizobaki rafu ilikuwa tupu. Vidonge 600 kwa siku 30 ni 20 kwa siku, kwa hiyo mahitaji ya siku 90 ni 1,800. Akiagiza kwa hesabu ya 600, ameagiza upungufu wa robo ijayo kwa mkono wake mwenyewe, na robo baada ya hapo ataandika 600 tena. Marekebisho haya ya siku za kukosekana yanafundishwa, mifumo ya kielektroniki ina nafasi yake, na bado yanarukwa, hasa pale ambapo muuguzi mmoja ndiye mhudumu, mtunza stoo, mkunga na mwandishi wa ripoti. Timu ya Uendeshaji wa Huduma za Afya ya Halmashauri inapokwenda ukaguzi elekezi, hiki ndicho kitu cha kwanza cha kukaguliwa stoo. Kamati iulize: katika vituo mlivyotembelea, vingapi vilirekebisha matumizi?

MSD ikikosa dawa, kituo hupata taarifa ya kukosekana, na hapo kinaweza kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeidhinishwa. Njia hiyo ipo na katika halmashauri nyingi inafanya kazi. Kinachokwama ni karatasi: taarifa inakaa mezani, kamati ya kituo haijaketi kuidhinisha, au mganga mfawidhi anasubiri mtandao ili apitishe ununuzi kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali wa mtandaoni, kutoka kijiji ambacho simu inashika ukipanda kilima. Tarehe mbili zinatosha kulibaini hilo: siku MSD ilipojibu kuwa haina, na siku mzigo wa mshitiri ulipopokelewa. Tofauti ikiwa siku 10, sawa. Ikiwa siku 50, kamati ina jambo la kushughulikia ambalo haliihusu MSD hata kidogo.

Chanjo tutaipitia kwa kifupi, kwa sababu takwimu zake ni nzuri kuliko za huduma nyingi. Tahadhari moja tu. Diwani akisomewa kwamba kata yake imefikia asilimia 99 ya Penta 3, yaani dozi ya tatu ya chanjo ya Penta ya watoto wachanga, asipige makofi kabla ya kuomba namba ghafi. Tuseme lengo lilikuwa watoto 200, waliopata Penta 1 ni 240, waliopata Penta 3 ni 198. Uchanjaji unasomeka asilimia 99. Lakini kati ya watoto 240 walioanza wakiwa na wiki 6, 42 hawakufika dozi ya wiki ya 14, sawa na asilimia 17.5, wakati walioacha njiani wakizidi asilimia 10 ni dalili ya tatizo. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja kwa sababu lengo la 200 lenyewe lilikuwa dogo. Hukadiriwa kutokana na sensa, na makadirio hayajui kwamba kijiji kimefunguliwa machimbo au mashamba na watu wamehamia. Asilimia 120 ya Penta 1 isiwe jambo la kujivunia. Ni kengele kwamba kigawanyo kimekosewa.

Sasa wazee, ambao ndio waliotufanya tuandike.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na msamaha wa matibabu kwa wazee wasio na uwezo ni msimamo wa serikali wa miaka mingi. Kila hospitali ina bango la kumpisha mzee, na vituo vingi vina dirisha la wazee, japo lingine ni karatasi tu iliyobandikwa ukutani juu ya dirisha lilelile la kila mtu. Halmashauri hutoa taarifa ya wazee waliotambuliwa na waliopewa vitambulisho vya matibabu. Namba ya vitambulisho inapendwa kwa sababu kila mwaka hupanda. Haisemi kama kilipoonyeshwa dirishani kilileta dawa.

Pa kuanzia kutafuta jibu ni MTUHA, mfumo wa taarifa ambao kila kituo cha afya hujaza. Muhtasari wa wagonjwa wa nje, unaotokana na Kitabu Na. 5, umegawanywa kwa umri: chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya miaka 60, na miaka 60 na kuendelea. Safu hiyo ya mwisho hujazwa kila mwezi katika kila zahanati nchini, hupelekwa wilayani, huingizwa kwenye mfumo, kisha ni nadra kuikuta kwenye meza ya kamati. Mtu wa takwimu wa halmashauri anaweza kuitoa kwa kila kituo, wanaume na wanawake, mahudhurio na magonjwa yaliyoongoza, kwa muda mfupi. Ukiiweka kando ya orodha ya wazee ya kila kijiji iliyoko kwa afisa mtendaji, utaona mara moja zahanati ambazo wazee hawaendi. Kata yenye wazee 900 na mahudhurio 60 kwa robo inahitaji kuulizwa. Huenda zahanati iko mbali, huenda wamechoka kuambiwa dawa hakuna.

MTUHA haitasema kama mzee alipata dawa zote alizoandikiwa. Hilo litafutwe kwa sampuli, na kazi yake si kubwa. Timu ya halmashauri ikifika kituoni ichukue mistari 20 ya wagonjwa wa miaka 60 na kuendelea kutoka rejista ya mwezi uliopita, bila kuchagua, kwa mfano kila mstari wa tano. Kwa kila mmoja ifuatilie dawa zilizoandikwa na dawa zilizotolewa kwenye rejista ya dirisha la dawa. Ziwe hesabu tatu: waliopata zote, waliopata baadhi, waliotoka mikono mitupu na agizo la kununua nje. Kwa vituo 8 kwa robo, hiyo ni mistari 160. Namba itakayotoka hapo itamfundisha diwani mambo ambayo jedwali la vitambulisho halitamfundisha kamwe. Na majina yabaki kwenye rejista. Diwani hana haja ya kujua nani ana kisukari, na tangu kutungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hilo si suala la adabu tu.

Mbona mzee mwenye kitambulisho aandikiwe kununua nje? Wengi hudhani ni roho mbaya ya mhudumu. Wapo wenye lugha chafu, hatukatai, lakini sababu kubwa ni ya kihesabu. Dawa ya msamaha imenunuliwa kwa fedha za kituo kama dawa nyingine yoyote. Ikitolewa kwa mwenye bima, fedha hurudi. Ikitolewa kwa anayelipa taslimu, hurudi. Ikitolewa kwa mzee wa msamaha, hairudi. Kituo chenye wazee wengi na watoto wengi kinamaliza stoo bila kuingiza cha kununulia nyingine, na anayeshika ufunguo wa stoo huanza, taratibu, kuwa mgumu. Fedha zinazokwenda moja kwa moja vituoni tangu mwaka wa fedha 2017/18 zimepunguza makali, ila mgawo wake haufuatani na uzito wa msamaha wa kituo husika.

Kwa hiyo thamani ya msamaha ihesabiwe. Kila kituo kiandike, mwisho wa mwezi, shilingi ngapi za dawa na vipimo zimetolewa bure kwa wazee, kwa watoto chini ya miaka 5, kwa wajawazito, kila kundi mbali. Vituo vingine vina rejista ya msamaha inayoweza kutoa jibu hilo leo. Vingine vimeiacha ijae vumbi kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiulizia. Bila namba hiyo, baraza halijui linadaiwa nini na sera yake lenyewe. Ikishajulikana, fedha za makusanyo ya ndani zinaweza kupelekwa mahali penye pengo. Chini ya CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii), iliyoanza mwaka 2018 kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6, zipo halmashauri zilizolipia kaya za wazee maskini; kaya 400 zilikuwa shilingi milioni 12. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka utaratibu wa kuwagharimia wasio na uwezo, lakini asiye na uwezo lazima kwanza atambuliwe, na kazi ya kumtambua iko kijijini na mtaani, kwa maofisa walewale wa halmashauri. Orodha iliyojaa majina ya waliofariki na kuwakosa waliotimiza 60 mwaka jana itawaumiza wengi. Kamati iulize orodha ilihuishwa lini, kijiji kwa kijiji, na isikubali jibu la "zoezi ni endelevu".

Kisha kuna mzee asiyefika zahanati kabisa, ambaye hayumo hata kwenye Kitabu Na. 5. Amepooza, au macho yameziba kwa mtoto wa jicho, au amebaki na wajukuu. Huyu ni wa ustawi wa jamii, na katika muundo wa halmashauri ustawi uko divisheni moja na afya na lishe. Matokeo yake kwenye kabrasha ni kurasa za afya, meza nzuri ya lishe, halafu nusu ukurasa wa ustawi: wazee kadhaa walitembelewa, siku ya wazee iliadhimishwa tarehe 1 Oktoba, sabuni na sukari zikagawiwa. Hakuna anayeweza kusimamia utendaji kwa kuhesabu sabuni.

Kinachoweza kuhesabiwa ni mashauri. Ofisa ustawi wa jamii hupokea taarifa ya mzee aliyetelekezwa, anayepigwa, aliyenyang'anywa shamba, au anayenyooshewa kidole cha uchawi kwa sababu macho yake ni mekundu, wekundu ambao mara nyingi ni moshi wa kuni wa miaka mingi. Kila taarifa iwe na tarehe iliyopokelewa, tarehe ofisa alipofika, hatua iliyochukuliwa, na tarehe shauri lilipofungwa. Kamati iletewe idadi yaliyofunguliwa, yaliyofungwa, yaliyovuka siku 30 bila kutembelewa, na sababu. Sababu itakuwa usafiri, mara nane kati ya kumi tungesema kwa kukisia. Ofisa mmoja mwenye kata kadhaa na pikipiki isiyo na mafuta hawezi kufika. Hilo ni tatizo la bajeti, na bajeti hupitishwa na hao hao madiwani. Shauri la tuhuma za uchawi lisisubiri siku 30 wala siku 3. Liende siku hiyo hiyo polisi na kwa mkuu wa wilaya, kwani panapochelewa huzikwa mtu.

Kwa walio kitandani, mkono ulio karibu ni wa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Apewe maswali machache ya kujibu kila anapoingia nyumba yenye mgonjwa wa hivyo. Anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku? Ngozi ya makalio, visigino na nyonga ina wekundu usioondoka ukibonyeza? Anakula na kunywa mwenyewe au analishwa, na anapaliwa? Dawa zimebaki za siku ngapi? Nani anamuuguza, na huyo muuguzaji analala saa ngapi? Wekundu usioondoka ni kidonda cha kulalia kinachoanza. Kikigunduliwa hapo kinatibika kwa kugeuza, kukausha na mto laini. Kikishatoboka hadi nyama ni safari za miezi za kusafisha kidonda, na familia haina nauli. Mhudumu akiwa na karatasi ya maswali, kituo kinaweza kuhesabu wagonjwa wa nyumbani, waliotembelewa, na wenye vidonda. Asipokuwa nayo, ataandika "nyumba 14 zimetembelewa", na tumerudi kulekule.

Makazi ya serikali ya wazee, kama Kolandoto kule Shinyanga au Nunge pale Kigamboni, yako chini ya wizara, hivyo baraza halina amri juu yake. Lakini tiba ya wanaoishi humo hutegemea vituo vya jirani, na kamati inaweza kabisa kuuliza mara ngapi mganga ameingia mle ndani.

Mtu atauliza fedha zitoke wapi. Tazama lishe. Serikali iliziwekea halmashauri lengo la kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kutoka mapato ya ndani, mikataba ikasainiwa, kadi alama yenye kijani, njano na nyekundu ikaanza kuzunguka, na mkurugenzi aliyekuwa mwekundu akaitwa kujieleza. Ghafla lishe ikapata fedha na ikapata ukurasa. Mapato yale yale ya ndani yana asilimia 10 ya mikopo kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Wazee hawamo humo, na hatudai wakopeshwe. Mzee wa miaka 78 hahitaji bodaboda ya mkopo. Ila halmashauri yenye wazee 8,000 ikitenga shilingi 1,000 kwa kila mmoja ni milioni 8 kwa mwaka. Ikiwa inakusanya bilioni 3, hiyo haifiki hata theluthi ya asilimia moja. Inatosha mafuta ya pikipiki za maofisa ustawi, na chenji ya dawa za presha kwa vituo vyenye msamaha mzito.

Kosa moja tunaliogopa kuliko yote: kamati kuanza kufokea namba. Mganga mfawidhi akijua kuwa zahanati yenye siku nyingi za kukosa dawa itasomwa hadharani ili aaibike, siku hizo zitatoweka kwenye ripoti na zitabaki kwenye rafu. Kupika takwimu ni rahisi mno; kalamu moja, jioni moja. Utaijua kwa namba zinazojirudia mwezi hadi mwezi, kwa sifuri zisizoisha, kwa namba zote kuishia na 0 au 5. Dawa yake ni diwani kuuliza kwanza "unakwama wapi?", na hiyo sampuli ya mistari 20 kufanywa na watu wa kituo kingine. Bodi ya Afya ya Halmashauri na kamati za vituo zingesaidia hapa, ilimradi ziwe hai. Angalieni tu kama muda wa wajumbe haujaisha bila uchaguzi mwingine. Hilo limekuwa la kawaida mno, na kamati iliyokufa haiidhinishi matumizi, ndipo fedha za kituo zinakutwa benki tarehe 30 Juni huku rafu ni nyeupe.

Yakishajadiliwa, yaandikwe kwa namna ya kushikika. "Idara iongeze jitihada katika upatikanaji wa dawa kwa wazee" si azimio, ni dua. Azimio liseme: Mfamasia wa Wilaya awe amerekebisha oda za dawa za presha na kisukari kwa zahanati sita zilizotajwa ifikapo tarehe 20 mwezi ujao, na alete bin kadi za robo kwenye kikao kijacho. Linataja mtu, kitu, tarehe na ushahidi. Kikao kijacho kikifika kwenye Yatokanayo, mwenyekiti asipokee "utekelezaji unaendelea" mara ya pili kwa azimio lilelile bila kumtaka Mkurugenzi Mtendaji mwenyewe aeleze.

Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri huandaliwa pamoja na bajeti, kwa hiyo mambo haya yaombwe kabla ukomo wa bajeti haujagawanywa. Ukishapita hapo, kila ombi hujibiwa kwa barua ya mwakani. Jedwali lenyewe linaenea kwenye karatasi moja ya A4 iliyolazwa: vituo vikishuka kushoto, kisha siku za kukosekana kwa dawa tano, siku za mshitiri, mahudhurio ya miaka 60 na kuendelea, wazee waliopata dawa zote kati ya 20, thamani ya msamaha kwa shilingi, mashauri yaliyovuka siku 30, wagonjwa wa nyumbani wenye vidonda, na siku ambazo kituo kilibaki na mtumishi mmoja au kilifungwa. Liwafikie madiwani wiki moja kabla ya kikao, si asubuhi ya kikao mlangoni. Safu ya mwisho iachwe wazi, diwani wa kata ajaze kwa mkono wake alichokikuta alipopita kituoni.

Ni sisi wasomaji wako,
wafuatiliaji wa huduma za afya na ustawi wa jamii.